Maswali ya kuwinda kulungu Pennsylvania, majibu kwa ndugu zetu wanaoanza

Maswali haya ndio yanarudi kila mwaka majani yakianza kubadilika rangi, mengine kwa simu, mengine msikitini au kanisani, mengine kazini saa ya lanchi. Nimeyajibu kwa sheria za Pennsylvania kwa sababu ndiko ninakowinda. Wewe wa Ohio, Texas au Minnesota utachukua mbinu tu, sheria usome za kwako maana kila jimbo lina mambo yake.

Mimi sio raia, nina haki kweli ya kuwinda hapa?

Unayo. Leseni ya kuwinda haikuulizi uraia, inakuuliza unaishi wapi na umepita darasa la usalama au bado. Mkazi mtu mzima analipa dola 20.97 kwa mwaka wa leseni unaoanza Julai, anayetoka jimbo jingine ni dola 101.97. Ndani ya hiyo unapata tagi moja ya dume mwenye pembe, tagi ni kile kikaratasi unachomfunga mnyama uliyemuua. Jike ana leseni yake ya nyongeza, dola 6.97 kwa mkazi, inatolewa kwa eneo, zinaanza kuuzwa mwisho wa Juni na maeneo mengine zinaisha mapema, kwaiyo anayesubiri mpaka aone theluji ndio anunue atakuta hamna kitu. Na mimi ushauri wangu kwa anayeanza ni huo huo kila mwaka, kata ya jike. Dume ana masharti ya pembe tangu 2002, sehemu nyingi lazima awe na ncha tatu upande mmoja, na kuhesabu ncha alfajiri katikati ya vijiti huku moyo unadunda sio kazi ya mtu mpya.

Na bunduki je? Mimi niko na green card, shemeji yangu ana visa ya masomo.

Hapa msikilize vizuri maana watu wanapotoshana. Mwenye green card anaruhusiwa kununua na kumiliki, vilevile mkimbizi aliyeingia rasmi na mtu aliyeshapewa asylum. Mwenye visa ya muda kama ya masomo au matembezi sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki au hata risasi, isipokuwa ameangukia kwenye vighairi vilivyoandikwa, na kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo la Marekani. Asiye na karatasi kabisa haruhusiwi, na hiyo sio faini, ni jela na baada ya hapo ndege ya kurudi. Kesi ya asylum bado iko njiani? Usiguse kitu kwanza, kaongee na wakili wa uhamiaji, usisikilize mtu wa mtaani hata kama ni mjomba wako.

Upinde sheria ya shirikisho haiuhesabu kama bunduki, ndio maana wengi wenye wasiwasi wanaanzia huko.

Darasa la usalama ni gumu? Kiingereza changu cha kuungaunga.

Sio gumu. La ana kwa ana ni bure, na walimu wengi ni wazee wa kujitolea wanaopenda sana kuona mtu mpya, tena ukimwambia unatoka Kongo au Tanzania hatakuacha, atataka stori za simba. Wanafundisha namna ya kubeba bunduki, namna ya kuvuka uzio (unatoa risasi kwanza, unaiweka chini upande wa pili, ndio unavuka), kujua kilichoko nyuma ya mnyama kabla hujafyatua, na mtihani wa kuchagua jibu mwishoni. Soma kitabu chao kabla ya siku yenyewe. Kama mtoto wako amesoma hapa mwambie akusomee naye atajifunza.

Bunduki gani ninunue ya kwanza?

Maneno ni mengi kwenye hili swali kuliko lolote, watu wanaweza kubishana saizi za risasi, .308 na .30-06, mpaka chai inapoa. Ukweli ni kwamba kulungu wa hapa, yule wa mkia mweupe, sio mnyama mgumu. .243, 6.5 Creedmoor, .270, .308, zote zinamwangusha ukimpiga panapotakiwa, na hakuna hata moja itakayokusaidia ukimpiga ovyo. Chagua isiyokupiga teke sana begani kwa sababu ukiiogopa utafumba macho. Kwa Pennsylvania kulungu hawindwi kwa bunduki inayojijaza yenyewe, lazima iwe ya kujazwa kwa mkono baada ya kila risasi, na maeneo ya jirani na Philadelphia na kaunti ya Allegheny yana sheria zake za ziada, soma kabla hujatoa pesa. Bunduki iliyotumika ya dukani, imekaguliwa, na skopu ya kawaida, inatosha kabisa. Usiingie kwenye skopu ya dola elfu, msitu wetu mnene, mara nyingi unampiga akiwa mita 50 mpaka 80.

Alafu nenda renji, uwanja wa kujifunza shabaha. Sio siku moja kabla ya msimu, nenda Agosti, nenda Septemba, piga ukiwa umekaa, umepiga goti, umeegemea mti, maana msituni hakuna meza. Hiki kitu watu wanakiruka sana na ndio maana kunakuwa na wanyama waliojeruhiwa.

Upinde, krosboo na gobore vinafaa kwa anayeanza?

Krosboo, ule upinde wenye kitako na kifyatulio kama bunduki, nasema ndio, unaijifunza haraka na msimu wa mishale unaanza mapema Oktoba, baridi bado haijauma na kulungu hawajashtuliwa na milio. Upinde wa puli unataka mazoezi ya miezi. Gobore lina msimu wake, kuna vijana wa Tabora na Singida nawajua wanalipenda kwa sababu babu zao walikuwa nalo, na kweli kulijaza wanalijaza kuliko Wamarekani. Vyote hivi unaongeza kibali kidogo juu ya leseni yako.

Nguo je? Mimi baridi siiwezi.

Kwanza ile rangi ya chungwa inayowaka, msimu wa bunduki ni lazima, inchi 250 za mraba ukijumlisha kichwa, kifua na mgongo, ionekane pande zote. Kofia na fulana ya chungwa vinamaliza hilo. Usiogope kwamba kulungu atakuona, rangi nyekundu na chungwa hazioni vizuri, kinachomwonyesha uko wapi ni kujitikisa. Bluu ndio anaiona sana, kwaiyo hiyo jinzi yako iache nyumbani.

Sababu ya pili ya kuiacha ni kwamba pamba ikilowa jasho inakugandisha. Vaa sufu au nguo za michezo ndani, sweta, jaketi juu, na ukiwa unatembea kwenda porini jaketi libebe kwenye begi usilivae, ulivae ukishakaa. Buti zisikubane, mguu uliobanwa damu haipiti na vidole vinakufa ganzi. Vile vipakiti vya kupasha mikono moto nunua boksi zima. Oktoba bado kuna kupe na Pennsylvania ni kati ya majimbo yenye ugonjwa wa Lyme kwa wingi, pulizia nguo dawa ya permethrin siku moja kabla, suruali ichomeke ndani ya soksi, ukirudi jikague mpaka kwapani.

Mtu asiye na shamba anawinda wapi?

Jimbo lina ekari kama milioni moja na nusu za ardhi za kuwindia, ziko wazi kwa mwenye leseni, hulipi mlangoni, huombi mtu. Ramani iko kwenye apu na kwenye tovuti ya tume ya wanyamapori. Hiki ndicho kinawashangaza wengi, kwamba pori lote lile fundi bomba na bosi wa benki wanaingia sawa. Ukitembea dakika ishirini kutoka kwenye parkingi umeshawaacha nusu ya watu.

Shamba la mtu unaomba kwanza. Wakulima wengine, hata Waamishi wa upande wa Lancaster, wale Wakristo wanaoishi maisha ya kizamani, kulungu wanawamalizia mahindi na wanafurahi ukiwapunguzia, lakini nenda mchana, nenda kiangazi, umevaa kawaida, salimia, usiende usiku wa kuamkia msimu na bunduki kwenye pikap. Ukiona miti imepakwa rangi ya zambarau maana yake ni sawasawa na kibao cha usiingie. Na kwa bunduki kaa yadi 150 kutoka nyumba yoyote wanamokaa watu, kwa mshale yadi 50.

Msimu wa bunduki unaanza lini?

Jumamosi baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Alhamisi ya nne ya Novemba, ni hivyo tangu 2019, zamani ilikuwa Jumatatu na shule nyingi za vijijini mpaka leo hiyo Jumatatu zinafungwa. Ni kama wiki mbili. Saa za kuwinda ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama. Sisi wa kiwandani tunaofanya kazi mpaka Jumamosi tulikuwa tunaumia, ila mwaka 2025 sheria ya kukataza kuwinda Jumapili ilifutwa, tume ndio inapanga ni Jumapili zipi, kwaiyo angalia kalenda ya mwaka wako.

Nakaa masaa simuoni hata mmoja. Nakosea wapi?

Upepo, ndugu yangu. Kabla sijauliza kitu kingine naanza na upepo. Pua ya huyu mnyama ndio ulinzi wake wa kwanza, macho na masikio yanafuata nyuma. Chukua kichupa chenye poda ya mtoto, kibonyeze, uangalie poda inaelea kwenda wapi, kama inaelekea kule unakotegemea atokee, hama. Na milimani kuna jambo jingine, asubuhi jua likipasha bonde hewa inapanda juu, jioni ikipoa inashuka, kwaiyo asubuhi kaa juu ya njia yao na jioni kaa chini yake.

Jambo la pili ni mahali. Kulungu hatembei ovyo, anatoka anapolala anaenda anapokula, na katikati kuna vijia. Tafuta mialoni inayodondosha tunda, tafuta mavi mabichi yanayong'aa, tafuta mti mdogo uliochunwa gome na pembe. Katikati ya Novemba madume yanawafuata majike mpaka yanasahau kula, hapo kaa kutwa nzima, hata saa sita mchana dume linaweza kupita ulimi nje.

Tatu ni kutulia. Asubuhi kunapambazuka utasikia kindi kwenye majani makavu mara kumi, kila mara utafikiri ni kulungu, alafu akija kulungu mwenyewe husikii kitu, unashtukia tu kuna sikio linacheza nyuma ya kichaka. Mara nyingi anayetangulia ni jike mzee. Anasimama. Anainamisha kichwa kama anaanza kula na ghafla anakiinua, anataka akufumanie unajitikisa. Hajaridhika anainua mguu wa mbele anaupiga chini, pah, anasubiri. Hapo usimeze hata mate. Akitikisa mkia kidogo na kuendelea, umepona, na wanaomfuata nyuma wote watapita. Akipuliza pua ile sauti kali na mkia mweupe ukasimama, kunywa chai yako basi.

Chambo cha mahindi au chumvi usiweke, ni marufuku karibu jimbo lote, na askari wa wanyamapori hapa hawaongeki.

Dungu la juu ya mti ni hatari?

Hatari kweli, watu wanaoumia kwa kudondoka ni wengi na wengi wao ni wazoefu. Vaa mkanda wa mwili mzima na ufungwe kwenye mti tangu mguu unatoka chini sio ukishafika juu. Bunduki usipande nayo, ivute kwa kamba ikiwa haina risasi. Mwambie mke au rafiki uko mti gani, mtumie pini kwenye simu. Kama uzito au miguu hairuhusu kaa chini umeegemea mti mnene kuliko mabega yako, kulungu wengi wameuawa hivyo.

Nimempiga, amekimbia. Sasa?

Kaa hapo hapo. Najua mikono inatetemeka na unataka kukimbia, kaa. Kwanza angalia alipokuwa amesimama na mahali pa mwisho ulipomuona, kariri jiwe au mti. Ukimpiga nyuma kidogo ya bega, chini ya katikati, umepata mapafu au moyo na mara nyingi hafiki mbali, ila hata hivyo mpe nusu saa. Ukimkurupusha anaweza kwenda kilomita.

Kisha nenda taratibu ukasome damu. Nyekundu ya kung'aa yenye mapovu ni mapafu, hiyo safi. Nyeusi nzito ni ini, rudi nyuma usubiri masaa matatu manne. Ukiona majimaji ya kijani au kahawia yananuka mavi umepiga tumbo, hapo unasubiri masaa sita mpaka nane au zaidi, ni kazi kusubiri lakini ukimfuata mapema utampoteza. Kila tone unaloliona weka kipande cha tishu ya chooni, ukipoteza njia unageuka nyuma unaona mstari wa tishu unakuonyesha alikuwa anaelekea wapi. Usiikanyage damu, tembea pembeni yake. Ukimkuta mguse jicho kwa kijiti kirefu ukiwa upande wa mgongo, akipepesa bado yuko hai.

Tagi unaijaza na kuifunga sikioni hapo hapo kabla hujamsogeza, na una siku 10 za kuripoti.

Kumpasua nawezaje, sijawahi hata kuchinja mbuzi?

Basi mtafute mtu aliyewahi kuchinja mbuzi, na kwenye jumuiya yetu hao hawakosekani, ni mnyama yuleyule tu. Mlaze chali, anza chini ya kifua, kisu kikiangalia juu na vidole viwili chini yake viinue ngozi, ili usitoboe utumbo wala kibofu. Zungushia kisu tundu la haja kubwa, kata diaframu, ingiza mkono mpaka kooni ukate koromeo, vuta vyote kwa pamoja. Moyo na ini weka kwenye mfuko. Mgeuze damu imwagike. Nyama inaharibiwa na joto kuliko kitu kingine, ikiwa nje kuna nyuzi 10 za Selsiasi na kuendelea mjaze barafu tumboni ukiwa njiani. Bucha la kulungu wanakukatia na kukufungia, bei inatofautiana, ila mkiwa watu watatu na meza ya garaji mnamaliza wenyewe jioni moja.

Sisi Waislamu tunaweza kula?

Mawindo yana hukumu yake, Surat al-Maida aya ya 4 inayataja. Unasema Bismillah wakati unafyatua au unaachia mshale, na ukimfikia yu hai unamchinja. Mshale wenye ncha ya kukata hauna mjadala mkubwa, kwenye risasi kuna maneno kati ya wanazuoni japo wengi wa siku hizi wanaikubali kwa kuwa inatoboa. Mimi sio sheikh, muulize wako kabla ya msimu.

Nasikia kulungu wana ugonjwa wa ubongo.

Upo, CWD, uligunduliwa kwanza Colorado mwaka 1967 na Pennsylvania ukaonekana 2012. Mnyama anakonda, anadondosha mate, anatembea kama mlevi, ila wengi wanaonekana wazima tu. Haujathibitika kumpata binadamu, lakini moto wa jikoni hauuui. Kwenye maeneo yaliyotangazwa jimbo linapima bure, kuna mapipa ya kuweka kichwa, unasubiri majibu ndio mle. Kikiwa na ugonjwa usile. Ubongo na uti wa mgongo acha vyote, hata kama kwenu supu ya kichwa ndio sherehe, na usivibebe kutoka eneo la ugonjwa kwenda kwingine.

Naweza kuuza nyama kidogo nirudishe hela ya risasi?

Hapana. Hata kilo moja, hata kwa dada wa kanisani. Nyama ya mnyama pori haiuzwi, hiyo biashara ndio ilikaribia kuwamaliza kulungu Marekani nzima miaka ya 1800 mwishoni. Kugawa unaruhusiwa. Ukizidiwa kuna Hunters Sharing the Harvest, wapo tangu 1991, wanapokea kulungu kwa ajili ya watu wenye njaa.

Kuipika, ondoa mafuta yote meupe, yanaganda mdomoni kama mshumaa. Fileti usiikaushe motoni. Mapaja loweka na papai bichi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, ukate mishkaki. Shingo na miguu ni za pilau, chemsha mpaka iachie mfupa.

Nyumbani nikituma picha wananiita jangili.

Waelewe. Kenya kuwinda kwa burudani kumepigwa marufuku tangu 1977, Tanzania kunaruhusiwa kwa vibali lakini mtu wa kawaida anamjua mwindaji kama tajiri wa kigeni au kama mtu anayekimbizwa na askari. Waeleze kwamba hapa kulungu walibaki laki chache tu mwanzoni mwa karne ya 20 na leo wanakadiriwa milioni 30 hivi, na pesa nyingi ya kuwatunza inatoka kwa wawindaji. Sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 inatoza asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, inakwenda kwenye wanyama na mapori. Na picha jamani, futa damu mdomoni mwa mnyama kwanza, usimkalie mgongoni.

Msimu wa pili huu narudi mikono mitupu. Niache?

Usiache. Wenyeji waliozaliwa hapa hapa wanarudi mikono mitupu miaka na miaka, hawasemi tu. Ambaye ameshawaona, ameshapulizwa pua, ameshajua upepo unageuka saa ngapi kwenye kile kilima, huyo yuko karibu kuliko anavyofikiri. Ingia Oktoba na leseni yako hiyohiyo ukawinde kindi, utajifunza kukaa kimya na kutembea kwenye majani bila kelele. Njoo na mtu, wawili mkipishana miti mnaona pori mara mbili, na kumvuta dume la kilo 70 kwenye mawe peke yako ni adhabu. Msimu ukiisha usiweke buti stoo, Februari majani hayapo na theluji inaonyesha kila kijia, utaona walikuwa wanapita wapi wakati wewe umekaa upande mwingine, piga pini kwenye simu, kata matawi mawili matatu ya njia ya kuingilia pale unaporuhusiwa kukata, na mti wa kukaa uchague siku hiyohiyo.